Mchezo mpya wa The Witcher: Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo

KATIKA vibanda vya michezo ya kompyuta, kuanzia Kigoma mpaka Bujumbura, mchezo unaovuta vijana ni mpira wa miguu. Mmoja anachukua Real Madrid, mwingine Barcelona, dakika chache baadaye mshindi anapatikana na aliyeshindwa anampisha mwenzake mwenye pesa mkononi.

Lakini ipo michezo ya aina nyingine ambayo haina refa wala kipenga. Hiyo ni kama hadithi ndefu ambayo msikilizaji mwenyewe ndiye anayeamua mhusika aende wapi, aseme nini, amwokoe nani na amwache nani. Kuimaliza huchukua wiki kadhaa, na kwa mtu mwenye kazi na familia huchukua miezi.

Katika michezo hiyo, The Witcher 3: Wild Hunt, uliotoka Mei 19, 2015, ni miongoni mwa iliyopendwa sana duniani. Kwa mujibu wa watengenezaji wake, kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, hadi mwaka 2025 nakala zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimekwishauzwa.

Sasa kampuni hiyo inatengeneza toleo la nne. Lilitambulishwa kwa trela Desemba 2024, na mwaka 2025 wakubwa wa kampuni wakasema kwamba halitatoka kabla ya mwaka 2027.

Mimi ni mwalimu, umri wangu umekwishapita miaka arobaini, na sioni haya kusema kwamba ni shabiki wa mchezo huo. Toleo jipya nalisubiri kwa hamu, lakini pia kwa wasiwasi. Naomba nikueleze sababu, ndugu msomaji. Hata kama hujawahi kushika mchezo wa kompyuta, ikiwa umewahi kuishi ugenini au kupanga foleni mpakani, nadhani utaona kwamba habari hii haiko mbali nawe.

Mtoto aliyesomea uhamishoni

Kisa chenyewe kilianzia kwenye maandishi. Mwaka 1986 mwandishi wa Poland, Andrzej Sapkowski, alichapisha katika jarida la Fantastyka hadithi fupi kuhusu Geralt, mwindaji anayelipwa ujira kuua mazimwi. Hadithi ziliongezeka zikawa vitabu, na vitabu vikazaa michezo ya kompyuta. Wa kwanza ulitoka mwaka 2007, wa pili 2011.

Katika michezo yote mitatu mhusika mkuu alikuwa Geralt. Katika toleo la nne nafasi hiyo anaichukua Ciri, msichana ambaye Geralt alimlea kama mwanawe.

Ciri ni binti wa kifalme kutoka nchi ndogo iitwayo Cintra. Dola kubwa la kusini, Nilfgaard, linaivamia nchi hiyo, mji unachomwa moto, bibi yake ambaye ni malkia anakufa, na yeye akiwa bado mtoto anakimbia. Anapokewa na wawindaji wa mazimwi katika ngome yao milimani, anafundishwa upanga. Kisha anapelekwa kusoma katika shule ya hekalu, mbali na kwao. Baadaye anaishi na genge la vijana majambazi akitumia jina la uongo, kwa sababu jina lake la kweli lingeweza kumuua.

Kwa maneno mengine, ni mtoto aliyesomea uhamishoni.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Nilisoma kwa Kiswahili, nikajifunza mito na milima ya Tanzania kabla ya kuijua hata mmoja wa Burundi. Wazazi wangu waliposema “nyumbani” walimaanisha mahali ambapo mimi sikuwahi kupaona. Nilirudi pamoja na kundi kubwa lililoanza safari mwaka 2008, nikiwa tayari mtu mzima, na Kifaransa changu kilikuwa cha kubabaisha.

Kwa hiyo nilipomfahamu Ciri sikuhitaji kuelezwa moyo wake. Wala si ajabu kwamba aliyemtunga ni mtu wa Poland. Nchi hiyo iligawanywa na majirani zake na kufutwa katika ramani kuanzia 1795 mpaka 1918, miaka 123 nzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili mipaka yake ilisogezwa, na mamilioni ya watu wakahamishwa makwao. Watu wa namna hiyo wanajua mkimbizi ni nani.

Mto usiovukwa bila karatasi

Wengi hudhani kwamba michezo ya mazimwi ni upanga na moto tu. Kilichonishika mimi katika toleo la tatu ni vita, lakini vita ile inayoonekana kwa macho ya wanyonge.

Lipo jimbo liitwalo Velen. Majeshi mawili yamepita humo, mashamba hayana mtu, vijiji vina njaa, na penye mti mkubwa njia panda wamening'inizwa watu walionyongwa. Ukitaka kutoka Velen kwenda mji tajiri wa Novigrad ni lazima uvuke mto Pontar. Darajani wapo askari wanaodai barua ya ruhusa. Asiyekuwa nayo hapiti. Kando yake wamekaa wakimbizi na mizigo yao, siku baada ya siku, na wapo wajanja wanaogeuza shida hiyo kuwa biashara.

Jioni moja, mama mmoja anayefanya biashara ya mawese kati ya Nyanza-Lac na Manyovu alinikuta nikiwa kwenye sehemu hiyo. Alisimama nyuma yangu akatazama.

“Mwalimu, hawa nao wanasubiri nini?” akauliza.

“Wanasubiri karatasi, mama,” nikamjibu.

Akacheka, akavuta kiti. “Basi hawa ni wa kwetu,” akasema.

Mchezo huo ulitoka Mei 2015, mwezi ule ule ambao maelfu ya Warundi walijazana ufukweni Kagunga wakisubiri meli ya Mv Liemba iwapeleke Kigoma. Mimi niliupata miaka kadhaa baadaye, kwenye kompyuta kuukuu, lakini kila nifikapo kwenye daraja lile la Pontar nawakumbuka watu wa Kagunga.

Jambo la pili ni kwamba mchezo haukupi jibu jepesi. Velen kuna mtawala mlevi ambaye mke na binti yake wamemkimbia kwa sababu ya kipigo. Unapowatafuta, unakutana na roho iliyofungwa ndani ya mti. Ukiifungulia, watoto yatima waliokuwa waliwe wanaokoka, lakini kijiji kizima kinaangamia, mke yule anakufa na mumewe anajinyonga. Ukiiua roho, kijiji kinapona na mke anabaki hai akiwa amerukwa na akili, lakini watoto hawaonekani tena.

Hakuna njia ambayo utatoka mikono misafi. Mpwa wangu, ambaye sasa ni mtu mzima, aliniambia: “Mjomba, mimi nilizima mashine nikaenda kutembea.” Mchezo wa kumtoa mtu nje akatembee na mawazo yake si wa kudharau.

Lazima niseme pia, kama mwalimu, kwamba mchezo huu ni wa watu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Una damu, una matusi na mambo ya chumbani. Wazazi wasidanganywe na neno “mchezo”.

Wachuuzi wa Warsaw

Kwa wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, historia ya kampuni yenyewe ina la kufundisha.

Wakati Poland inatoka katika ukomunisti, michezo ya kompyuta iliuzwa sokoni katika meza za wachuuzi, na karibu yote ilikuwa ya kunakili. Vijana wawili waliosoma shule moja mjini Warsaw, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, nao walikuwa katika biashara hiyo ya sokoni. Mwaka 1994 walianzisha kampuni yao, wakaanza kuingiza CD kutoka Marekani na kuziuza kihalali.

Tatizo lao lilikuwa lile ambalo kila muuza bidhaa halisi hapa kwetu analijua: nani atanunua cha bei ghali wakati cha kunakili kipo meza ya pili?

Mwaka 1999 wakapata jibu. Walichukua mchezo wa Baldur's Gate, wakautafsiri wote kwa Kipolandi, wakawatumia waigizaji maarufu wa nchi yao kutia sauti, na ndani ya boksi wakaweka ramani, kitabu cha sheria na CD ya muziki. Mteja akaona kwamba bidhaa halisi ina thamani ambayo ya kunakili haina. Ikauzika.

Kutoka kuuza michezo ya wengine wakafikia kutengeneza wao wenyewe, na malighafi waliyotumia ilikuwa hadithi za kwao na mazimwi ya vijijini kwao. Mwaka 2011 Waziri Mkuu wa Poland, Donald Tusk, alipompokea Rais Barack Obama wa Marekani, miongoni mwa zawadi alizompa ulikuwamo mchezo wa pili wa The Witcher.

Sapkowski naye ana somo lake. Alipouza haki ya kutumia hadithi zake alichukua malipo ya mkupuo badala ya asilimia ya mauzo, kwa kuwa hakuamini kwamba michezo hiyo ingefika mbali. Ilipofika mbali, mwaka 2018 mawakili wake walidai zaidi ya zloty milioni 60, na Desemba 2019 pande hizo mbili zikaingia mkataba mpya. Anayeuza shamba la michikichi kwa bei ya msimu mmoja na alitafakari hilo.

Tembo likatiwa maji

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya sifa za toleo la tatu, kampuni hiyo ilitengeneza mchezo mwingine, Cyberpunk 2077, ambao si wa mazimwi bali wa mji wa siku zijazo.

Matangazo yalikuwa makubwa mno. Tarehe ya kutoka ilipangwa Aprili 2020, ikasogezwa Septemba, ikasogezwa Novemba, hatimaye ukatoka Desemba 10, 2020. Wafanyakazi walikuwa wameahidiwa kwamba hawatalazimishwa kufanya kazi kupita kiasi, lakini miezi ya mwisho wakaambiwa wafanye kazi siku sita kwa wiki.

Ulipotoka, kwenye mashine za kizazi cha zamani, PlayStation 4 na Xbox One, ulikuwa hauchezeki. Ulikwama, ulizimika, watu walionekana wakielea hewani. Kabla ya kutoka, kampuni haikuwa imewaonyesha wakaguzi jinsi unavyokwenda kwenye mashine hizo. Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kurudisha fedha za wateja. Ulirudishwa dukani Juni 2021.

Hata hivyo, nakala milioni 13 zilikuwa zimeuzwa katika siku kumi za mwanzo. Yaani mamilioni ya watu walinunua kwa kuiamini jina la The Witcher, wakauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa haki ni lazima niseme kwamba hawakuukimbia mzigo wao. Walirekebisha kwa karibu miaka mitatu, na nyongeza ya Phantom Liberty iliyotoka Septemba 2023 ilisifiwa sana. Wakati wa The Witcher 3 pia walikuwa waungwana: walitoa vifurushi 16 vya nyongeza bila malipo, na Desemba 2022 wakatoa maboresho makubwa bure kwa kila aliyekwisha kununua. Lakini aliyeumwa na nyoka hushtuka hata akiona ung'ongo.

Ninachokihofia

Hofu yangu ya kwanza ni haraka. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba The Witcher 4 ni mwanzo wa hadithi ya michezo mitatu, na kwamba mitatu hiyo itatoka ndani ya miaka sita tangu wa kwanza utoke. Kutoka toleo la tatu mpaka mwaka huo wa 2027 uliotajwa ni miaka 12. Inakuwaje mkulima aliyevuna mara moja kwa miaka 12 aahidi mavuno matatu kwa miaka sita?

Kampuni inajibu kwamba imeacha kutumia injini yake ya programu, ambayo ilibidi ijengwe upya kila mara, na imehamia Unreal Engine 5 ya kampuni ya Epic Games ya Marekani. Huenda kweli kazi itakwenda upesi. Lakini chombo kipya nacho kina majaribu yake, na mpishi akibadilisha jiko hatuli kwa kufumba macho.

Hofu ya pili ni picha za kuvutia wateja. Juni 2025 walionyesha Ciri akipanda farasi katika milima ya Kovir, kisha akiingia katika mji wa Valdrest wenye soko lililojaa mamia ya watu, vyote vikiendeshwa na PlayStation 5 ya kawaida. Palipendeza kwelikweli. Hata hivyo wao wenyewe walisema hayo ni maonyesho ya teknolojia, si mchezo wenyewe. Wakongwe tunakumbuka kwamba hata The Witcher 3 ulipotoka 2015, wapo waliolalamika kwamba picha zilizoonyeshwa 2013 zilikuwa nzuri kuliko walichouziwa.

Hofu ya tatu inatuhusu sisi wa huku. Kompyuta nyingi tunazotumia ni zile zilizokwishatumika, zinazofika kwa njia ya Dar es Salaam. Toleo la tatu linakubali kwenye mashine ya wastani ukipunguza ubora wa picha. Tena linapatikana katika duka la mtandaoni la GOG, ambalo kampuni hiyo ilianzisha mwaka 2008, na michezo ya huko haina kufuli: ukishaishusha unacheza hata kama intaneti imekatika. Kwa mtu wa Makamba hilo ni jambo kubwa. Ikiwa toleo jipya litahitaji mashine ya bei ya ng'ombe watatu na intaneti isiyokatika, basi tutalisikia tu kwa watu.

Ya nne ni Ciri mwenyewe. Toleo la tatu lilikuwa na miisho kadhaa. Katika mmoja anakuwa mwindaji wa mazimwi, katika mwingine anakwenda kuwa malkia wa Nilfgaard, na katika mwingine hajulikani alipoishia. Kampuni imeuchagua ule wa kwanza. Aliyemwona akielekea kwenye kiti cha enzi sasa anaambiwa mambo hayakuwa hivyo. Isitoshe, vitabu vinasema kwamba dawa kali zinazombadilisha mtu kuwa mwindaji walipewa wavulana tu, na wengi wao walikufa. Ciri alizipitiaje? Nataka maelezo yenye uzito, yasiwe ya kupita haraka.

Wapo wanaolalamika kwa sababu tu mhusika mkuu safari hii ni mwanamke. Hao siwaelewi. Wanaovuka mpaka wa Mugina alfajiri na ndoo kichwani, mtoto mgongoni, wengi wao ni akina nani?

Ninachokitarajia

Tumaini langu la kwanza limetokana na trela yenyewe. Inachukua dakika kama sita. Ciri anafika kijijini ambako kila mara msichana mmoja hutolewa kafara kwa zimwi la msituni. Anamwambia msichana aliyechaguliwa kwamba si lazima afe, anakwenda kupigana na zimwi lile na kulishinda. Anaporudi anakuta msichana amekwishauawa na wanakijiji wenyewe, kwa kuogopa kwamba mila imevunjwa.

Hapo nilijua kwamba waandishi hawajasahau kazi. Zimwi halikuwa tatizo kubwa la kijiji kile. Sisi tunaotoka katika nchi zilizochinjana tunajua kwamba jirani mwenye hofu anaweza kuwa hatari kuliko chui.

Tumaini la pili ni hiyo nchi ya Kovir. Katika toleo la tatu, wenye elimu ya uchawi waliposakwa na kuchomwa moto Novigrad, walitoroshwa usiku kwa meli kwenda Kovir, nchi tajiri ya kaskazini yenye madini na biashara. Mchezaji mwenyewe ndiye aliyesaidia kuwatorosha. Kisha meli ikaondoka na hatukuwaona tena.

Sasa Ciri anakwenda huko huko, na mimi nataka kuwaona watu wale. Je, wamepewa kazi, au wanafanyiwa kazi za bure? Watoto wao wanasema “nyumbani” wakimaanisha wapi? Novigrad ikitulia watarudi, na wakirudi watakuta nani amekaa katika nyumba zao? Kila aliyerudi Burundi akakuta shamba la baba yake linalimwa na mtu mwingine anajua kwamba vita haiishi siku ya kusaini amani.

Mchezo ukiyagusa maswali hayo, hata kwa kazi ndogo moja ya pembeni, mimi nitaridhika. Sihitaji ramani kubwa mara mbili. Zaidi ya watu 400 walikuwa katika kazi hiyo mwishoni mwa 2024. Wachache tu miongoni mwao wakiachiwa nafasi ya kuandika habari za mama anayesubiri karatasi darajani, inatosha.

Tumaini la mwisho ni la lugha. Toleo la tatu lina Kipolandi, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kijapani na nyingine, lakini halina Kiswahili. Nyumbani kwangu mimi ndiye mkalimani wa wanaotazama. Kampuni iliyopata mtaji wake kwa kuwatafsiria Wapolandi mchezo wa wageni inapaswa kuliona hili mapema kuliko wengine. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha yangetosha kwa kuanzia.

Ushauri wangu kwa vijana na wafanyabiashara wenye vibanda ni mfupi. Tangazo la kulipa kabla litakapokuja, wekeni fedha mfukoni. Subirini mchezo utoke, waacheni wengine waujaribu kwenye mashine kama yenu, ndipo mlipe. Mchezo mzuri hauozi kama dagaa.

Na kwa watengenezaji, kama wangeweza kunisikia, ningewaomba wachukue muda wao. Sisi tuliokaa ugenini miaka zaidi ya thelathini tukisubiri kurudi hatushindwi kumsubiri Ciri mwaka mmoja au miwili zaidi, ilimradi atakapofika awe ni yeye.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa sekondari huko Makamba, Burundi. Alisoma Ulyankulu, Tanzania.